Vita Viwili vya Nyuklia na Akiba Inayoifaa Dar es Salaam

Familia nyingi za Dar es Salaam huweka akiba ya chakula kwa namna moja au nyingine: gunia la mahindi lililoletwa na ndugu kutoka Songea, debe la maharage, au kishamba cha muhogo Mkuranga au Kisarawe. Uamuzi wa kuweka kipi hufanywa kwa kuangalia bei ya soko na hali ya mvua. Ninapendekeza tuongeze kipimo kingine ambacho hapa kwetu hakizungumzwi sana, nacho ni hiki: iwapo vita vya nyuklia vingezuka mahali fulani duniani, ni akiba ipi ingetufaa, na ni vita vya aina gani ambavyo mwananchi wa kawaida anaweza kujiandaa navyo kwa maana yoyote?

Nchi tisa zina silaha hizo, jumla yake ni takriban vichwa 12,000 (yaani mabomu yenyewe, yanayobebwa na makombora au ndege), na karibu tisa katika kila kumi viko mikononi mwa Marekani na Urusi. Afrika haina hata kimoja. Afrika Kusini iliyavunja mabomu yake sita na mwaka 1991 ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, umelifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Nauthamini sana mkataba huo, lakini hauwezi kuuzuia moshi kuvuka bahari, wala kuzilazimisha meli ziendelee kutia nanga bandarini kwetu.

Vita vya kwanza vya kuvifikiria ni vya kikanda, kati ya India na Pakistan, ambazo kila moja ina takriban vichwa 170 hadi 180. Mwezi Mei 2025 nchi hizi zilishambuliana kwa makombora na droni kuanzia tarehe 7 hadi tarehe 10, kufuatia mauaji ya watalii yaliyotokea Pahalgam, Kashmir, mwezi Aprili, kisha zikasitisha mapigano. Sasa tufikirie mgogoro wa namna hiyo ambao siku ya nne inapita na mapigano yanaendelea. Jeshi la India linavuka mpaka na kusonga mbele. Pakistan, ambayo haijaahidi kutotangulia kutumia nyuklia na ambayo ina makombora ya masafa mafupi yaliyoundwa kwa ajili ya uwanja wa vita, inavipiga vikosi hivyo vikiwa ndani ya ardhi yake. India, ambayo sera yake ni kutotangulia bali kujibu kwa nguvu kubwa ikishambuliwa, inajibu kwa kupiga miji. Kwa kuwa kombora huchukua dakika chache tu kutoka nchi moja hadi nyingine, viongozi hawana muda wa kushauriana wala wa kuhakikisha kilichotokea. Bomu la Hiroshima lilikuwa na nguvu ya takriban kilotani 15, yaani sawa na tani 15,000 za baruti, na kufikia mwisho wa mwaka 1945 lilikuwa limeua watu wapatao 140,000. Karachi, Lahore, Delhi na Mumbai zina watu wengi kuliko Hiroshima ya wakati ule kwa mara nyingi sana.

Vita vya pili ni kati ya Marekani na Urusi pamoja na washirika wao. Vinaweza kuanza kwa kupandishiana hatua kwa hatua, lakini njia inayonitia hofu zaidi ni ya kosa. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya tahadhari ya Kisovieti ilionyesha kwamba makombora matano yalikuwa njiani kutoka Marekani. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua kwamba hiyo ni hitilafu, na kweli ilikuwa hitilafu, kwani setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu. Januari 1995 roketi ya utafiti wa anga iliyorushwa kutoka Norway iliwashtua Warusi kiasi cha mkoba wa amri za nyuklia kufunguliwa mbele ya Rais Boris Yeltsin. Kombora la masafa marefu huchukua kama nusu saa kufika, na lile linalorushwa na nyambizi iliyo karibu huchukua muda mfupi zaidi. Rais aliyeamshwa usiku na kuambiwa kwamba asipojibu sasa silaha zake zitaangamizwa zikiwa ardhini hubaki na dakika chache za kuamua, na akikosea, mamia ya miji na kambi za pande zote mbili huweza kuteketea kabla ya siku kwisha.

Kwa mtu aliye mbali na milipuko, kinachovitofautisha vita hivi viwili zaidi ya kitu kingine chochote ni kiasi cha masizi. Mji unapowaka wote kwa pamoja, moshi wake mweusi unaweza kupanda hadi anga la juu lisilo na mvua ya kuuosha, ukakaa huko miaka kadhaa ukizuia mwanga wa jua. Kwa vita vya kikanda vinavyotumia mabomu 100 ya ukubwa wa lile la Hiroshima, watafiti hukadiria masizi tani milioni 5. Kwa vita vya Marekani na Urusi, tani milioni 150. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kiasi cha kwanza kingepunguza wastani wa joto la dunia kwa zaidi kidogo ya digrii moja, na cha pili kwa digrii 7 hadi 8. Digrii moja isidharauliwe. Mlima Tambora wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1815, ubaridi wa chini ya hapo ulitosha kuharibu mavuno ya Ulaya na ya kaskazini-mashariki mwa Marekani mwaka uliofuata.

Watafiti Lili Xia, Alan Robock na wenzao walichapisha mwaka 2022 hesabu za chakula zilizojengwa juu ya makadirio hayo. Vita vidogo kuliko vyote walivyovipima vilipunguza chakula cha dunia kwa asilimia 7 ndani ya miaka mitano. Vita vikubwa vilikipunguza kwa karibu asilimia 90 kufikia mwaka wa tatu au wa nne, na watu zaidi ya bilioni 5 wangekufa kwa njaa. Hata India na Pakistan peke yao, wakitumia mabomu makubwa zaidi na mengi zaidi, wangeweza kusababisha vifo zaidi ya bilioni 2. Wapo wataalamu wanaoona kwamba masizi yatakayofika anga la juu yangekuwa machache kuliko hayo, kwa hiyo tarakimu hizi tuzisome kama makadirio ya kompyuta. Hata hivyo, ukizipunguza kwa nusu, bado wengi wa wanaokufa ni watu ambao hawakuusikia mlipuko.

Hapo ndipo uamuzi wa kwanza unapopatikana, ule wa kuchagua kati ya handaki na ghala. Mionzi hutisha kuliko njaa, na mtu anayesikia neno nyuklia hufikiria kwanza kujificha. Vumbi zito la mionzi huanguka zaidi katika siku ya kwanza, ndani ya umbali wa kilomita mamia kutoka kwenye mlipuko, na nguvu yake hushuka haraka: kila muda unapozidi mara saba, mionzi hubaki moja ya kumi, hivyo baada ya siku mbili huwa karibu asilimia moja ya ile ya saa ya kwanza. Karachi na Mumbai ziko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. Ni kweli kwamba kati ya Desemba na Machi upepo wa kaskazi huvuma kutoka upande huo, ndio uliokuwa ukizileta jahazi za Wahindi na Waarabu kwenye pwani hii, na kwamba vita vikipiganwa majira hayo baadhi ya vumbi laini lingeweza kutufikia, ilhali wakati wa kusi upepo ungelirudisha kaskazini. Kufunika visima na matangi ya maji, kuosha mboga vizuri na kusikiliza maelekezo ya Tume ya Nguvu za Atomiki kungetosha kwa hatari ya kiasi hicho. Uswisi inajenga mahandaki ya raia kwa sababu iko katikati ya Ulaya yenye shabaha pande zote. Kwa Dar es Salaam, saruji hiyo ingefaa zaidi kusakafia ghala.

Hatari nyingine ya angani inahitaji kutajwa, nayo ni kupungua kwa ozoni, hewa ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria upungufu wa asilimia 25 kwa vita vya kikanda na 75 kwa vita vikubwa, ukidumu zaidi ya miaka kumi. Mvuvi wa Kunduchi na mkulima wa Rufiji, wanaoshinda juani kutwa, ndio wangeumia kwanza, ngozi na macho.

Tukija kwenye biashara, vita vinavyoitwa vidogo vinatugusa moja kwa moja kuliko jina lake linavyoonyesha. Sehemu kubwa ya dawa tunazomeza, za Bohari ya Dawa na za maduka ya mtaani, hutoka India, na kadhalika wanunuzi wa mbaazi na korosho ghafi zetu. Meli za mafuta yanayoshushwa Kurasini hupita kwenye Bahari ya Hindi hiyo hiyo, na bima ya meli ingepanda siku ile ile ya mlipuko wa kwanza. Tunao mfano wa karibu wa kupimia. Vita vya Ukraine, ambavyo havikutumia hata bomu moja la nyuklia na viko mbali zaidi na njia zetu, viliifikisha lita ya petroli hapa jijini zaidi ya shilingi 3,000 kufikia Mei 2022. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ukapita shilingi 100,000, hadi serikali ikaweka ruzuku ili mkulima aupate kwa 70,000. Ngano tunayoila, chapati na mandazi ya asubuhi, kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, na hiyo ingekuwa ya kwanza kuadimika katika vita vyovyote kati ya hivi viwili.

Kuna vitu ambavyo havingekatika mara moja. Gesi asilia ya Songo Songo na ya Mtwara huja kwa bomba hadi mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, na Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Katika vita vya kwanza umeme huo ungeendelea, na treni ya umeme inayofika Dodoma ingeweza kuendelea kwenda hata dizeli ikiadimika. Katika vita vya pili, kipuri kikiharibika hakuna kiwanda cha Ulaya cha kukituma kingine, na mvua zikipungua sana bwawa nalo linashuka.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, nasema tujiandae kwa vita vya kwanza. Sababu yangu haihusu kipi kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea. Vita vya kwanza vinaacha pengo ambalo kaya, mtaa na taifa vinaweza kuliziba: bei kupanda, bidhaa za nje kukosekana, mavuno kupungua kwa kiasi, kwa miaka kama mitano hadi kumi. Vita vya pili vinahitaji taifa zima kubadili kilimo chake kwa pamoja, jambo ambalo gunia la mtu mmoja haliwezi. Aliyejiandaa kwa vita vya kwanza, hata hivyo, angekuwa amefika mahali fulani kuelekea vya pili, hasa akichagua zao sahihi.

Na uchaguzi wa zao ndio ninaotaka kukaa nao, kwa sababu ndio ulio mikononi mwetu. Mtu mzima huhitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku. Familia ya watu watano wasiokuwa na chakula kingine ingekula karibu kilo tatu za mahindi kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 100 ni la mwezi mmoja na siku chache. Hesabu hii inaonyesha uzuri wa mahindi na udhaifu wake. Uzuri ni kwamba nguvu nyingi inakaa kwenye nafasi ndogo, na magunia matatu yanaingia kwenye kona ya chumba cha Mbagala au Gongo la Mboto. Udhaifu ni hali ya hewa ya jiji hili. Fungua gunia lililokaa miezi minne kwenye chumba cha nyuma, zamisha mkono, na utautoa ukiwa na vumbi jeupe hadi kwenye kifundo, huku punje zilizobaki zikiwa nyepesi na zenye matundu. Huyo ni dumuzi, ambaye wakulima wengi bado humwita Scania. Palipo na unyevu ukungu nao huota, na pamoja nao sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Anayechagua mahindi basi achague pamoja na mfuko wa kinga njaa, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya ule wa nje wa kawaida, kila mmoja ukifungwa peke yake ili wadudu wakose hewa. Kabla ya kuyatia, yapimwe ukavu: tia punje chache kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Mchele haushambuliwi na dumuzi kwa kiasi hicho na hupikwa bila kusagwa, lakini bei yake ni kubwa kwa kilo, na kwa akiba ya miezi mingi siupendekezi ila kwa wazee, wagonjwa na watoto wanaoachishwa ziwa.

Muhogo ni kinyume cha mahindi karibu katika kila jambo. Ukishang'olewa hauvumilii hata siku tatu, lakini ukiachwa ardhini hukaa hadi miaka miwili bila ghala, bila dawa na bila mfuko. Robo eka yenye mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo, tuseme tani 8 kwa hekta, hutoa kilo 800 hivi, na baada ya kumenya hizo hulisha familia ile ile ya watu watano karibu miezi mitatu. Hauhitaji mbolea nyingi, na hili lina uzito mkubwa siku ambayo meli ya mbolea haiji. Udhaifu wake ni protini ndogo, pamoja na sumu ya aina chungu. Watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa miezi mingi, bila kunde wala dagaa, walipata ugonjwa wa kupooza miguu unaoitwa konzo, Tarime miaka ya 1980 na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati wa njaa ndipo watu hufupisha maandalizi, na kwa hiyo ndipo hatari huwa kubwa. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu hadi ulainike, maji yamwagwe, kisha uanikwe. Kuukata na kuuanika juani peke yake hakuondoi sumu ya kutosha.

Kwa vita vya kwanza ningegawa akiba nusu kwa nusu: mahindi ya miezi mitatu ndani ya nyumba, kwa ajili ya mshtuko wa bei wa mwanzo, na muhogo shambani kwa ajili ya miaka inayofuata, pamoja na kunde au choroko za kutosha. Kwa vita vya pili ningeegemea muhogo na viazi vitamu vya pwani kwa uzito zaidi. Mahindi ya jiji hili hutoka Ruvuma, Rukwa, Songwe, Iringa na Njombe. Nyanda hizo ziko juu, na Makete na Njombe hata leo hupigwa na baridi kali mwezi Juni na Julai kiasi cha umande kuganda asubuhi. Ukiondoa digrii kadhaa kwenye joto la huko, mahindi yanachelewa kukomaa au hayakomai kabisa. Pwani, ambayo wastani wake ni kama digrii 26, inaweza kupoteza digrii hizo hizo na bado muhogo ukaota, ingawa polepole na kwa mvua chache.

Hili linajibu pia swali la kubaki au kurudi kijijini, ambalo naamini ndilo lingekuwa la kwanza kuulizwa katika kaya nyingi za jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022. Katika vita vya kwanza, mwenye ardhi na ndugu mkoani angekuwa na nafuu kwenda, hasa kama kazi yake ya jijini inategemea bidhaa za nje. Katika vita vya pili, kukimbilia Njombe au Mufindi kungekuwa kukimbilia ubaridi, na shamba la Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo au Rufiji lingekuwa bora kuliko la nyanda za juu ambalo leo linalishinda kwa mbali. Mwenye uwezo wa kushika ardhi sehemu moja tu, nampendekezea pwani ya karibu, kama Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, iliyo umbali ambao mtu anaweza kuufikia kwa baiskeli au kwa miguu siku mbili mafuta yakikosekana.

Mambo mengine ni mafupi. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au kifafa azungumze na daktari wake kuhusu kuwa na dawa za mwezi mmoja wa ziada, kwa kuwa dawa ndiyo isiyoweza kulimwa. Fedha kidogo za mkononi ziwepo, kwa sababu nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024 tuliona jinsi huduma za intaneti zinavyoyumba. Mbegu za mboga zihifadhiwe za asili, zinazoweza kuzaa tena mwaka unaofuata.

Kwa anayeanza na muhogo, mvua za vuli zinazokuja Oktoba ndizo za kupandia, kwa vipande vya sentimita 25 hadi 30 vilivyokatwa kwenye shina lililokomaa. Aina ya Kiroba inastahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia na imezoeleka pwani, lakini mashina yachukuliwe kwenye shamba ambalo afisa ugani amelikagua, mihogo michache ikapasuliwa na kuonekana mieupe ndani, kwa kuwa ugonjwa huo huozesha mzizi ardhini bila jani kuonyesha dalili kubwa, na akiba uliyoitegemea kwa miaka miwili ukaikuta imeshaoza siku ya kuing'oa.